Mtoto anataka mahusiano ya kimataifa, sasa chuo gani?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, dawatini kwetu foleni inaanza. Nipo kitengo cha udahili na ushauri kwenye chuo kimoja hapa Tanga mjini, na siku hizi wanaoulizia mahusiano ya kimataifa wamekuwa wengi kweli, sijui ni hili bomba la mafuta la Chongoleani ndo limewaamsha watu au ni nini. Juzi kaja mzee mmoja wa Ngamiani na bintiye, binti kasoma HGL (Historia, Jiografia na Kingereza), mzee hata hajakaa vizuri kashaanza, "Mwalimu, huyu anataka kuwa balozi, nitajie chuo cha mabalozi."

Nilicheka kidogo, mzee wangu nisamehe. Chuo cha mabalozi hakuna. Balozi anateuliwa na Rais, na Rais anaweza kumchukua mwanajeshi, mwanasheria, mchumi, mwanasiasa, yeyote anayemuona anafaa. Dk. Salim Ahmed Salim alipelekwa Misri kuwa balozi mwaka 1964 ana miaka 22 tu. Mama Asha-Rose Migiro aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 mpaka 2012 alisoma sheria pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kikwete kakaa Mambo ya Nje miaka kumi kabla ya Ikulu, na digrii yake ni ya uchumi. Sasa mzee akanigeukia, kwahiyo unataka kuniambia kozi haina maana? Hapana, maana inayo, ila usichague kwa jina lililoandikwa juu, chagua kwa kilichomo ndani.

Na hapa ndo wengi wanapokosea. Mtoto anafungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), anatafuta maneno "mahusiano ya kimataifa", asipoyaona anaruka ukurasa. Kwa mtindo huo UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) utaiona maana digrii yenye jina hilo ipo. Chuo cha Diplomasia Kurasini utakiona, kile kilichoanzishwa 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji, siku hizi kina jina la huyo huyo Dk. Salim. Lakini Mlimani utaipita, kwa sababu pale utakuta sayansi ya siasa na utawala wa umma, wakati ndani ya kozi hiyo siasa za dunia unazisoma vilevile. Ninachowaambia watu ni kwamba ingieni kwenye tovuti ya chuo, tafuteni orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza mpaka wa tatu, mkae nayo hata nusu saa. Kuna uchumi na biashara ya kimataifa? Kuna sheria ya kimataifa? Kuna takwimu (najua watu wa HGL na wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kingereza, mnazikimbia, ila mtu wa kuchambua mambo bila namba ana kazi ngumu)? Kuna lugha, na ni ya mihula mingapi?

Hiyo ya lugha nitaikalia kidogo maana ndo inayoniumiza. Mtu anamaliza digrii miaka mitatu anajua Kiswahili na Kingereza, basi. Sasa piga hesabu na hapa hapa kwetu. Bomba linatoka Hoima Uganda kilomita 1,443 mpaka Chongoleani, mwenye hisa kubwa ni TotalEnergies ya Wafaransa, na Wachina wa CNOOC wamo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane sasa, Kongo imeingia 2022, na ukitaka kazi za Kongo, Burundi na Rwanda Kifaransa kinakubeba. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, huko Msumbiji na Angola ni Kireno, na Wareno tunaowajua sisi ni wale wa historia tu, lugha yao hatuigusi. Umoja wa Mataifa una lugha sita rasmi, Kiarabu kimo, na hapa Tanga tuna vijana wametoka madrasa wanasoma Kiarabu bila shida halafu wanakiacha kama kitu cha utotoni! Huo ni mtaji jamani, endelezeni.

Na Kiswahili chenyewe tusikidharau. SADC wamekipitisha kuwa lugha rasmi 2019, Umoja wa Afrika wakakifanya lugha ya kazi 2022, maana yake watafsiri na wakalimani wanatakiwa. Sisi watu wa Tanga tunajisifia Kiswahili, haya, ila kukiongea barazani ni kitu kimoja na kumkalimania mtu anayehutubia haraka haraka mkutanoni ni kitu kingine kabisa, hicho kinasomewa.

Pointi za kuingilia: digrii inataka prinsipo (ufaulu kamili wa somo la kidato cha sita) mbili zenye jumla ya pointi 4 kwenda juu kwenye masomo yanayotajwa na kozi, hiyo ni sakafu, chuo kinaweza kupandisha. Kama kidato cha sita kimekwenda vibaya au uliishia cha nne, usikae nyumbani. Cheti mwaka mmoja, diploma miwili, ukitoka na jipiei (wastani wa alama) ya 3.0 unaomba digrii. Kwa aliyeishia cha nne, ukijumlisha na digrii yenyewe ni miaka sita, aliyepita advansi anatumia mitano, kwahiyo umechelewa mwaka mmoja tu na yeye, na njiani umeshapata vyeti viwili mkononi. Mimi binafsi wanafunzi waliopitia diploma nawapenda, wanakuja wanajua wanachokitaka.

Nje ya nchi je? Nairobi ndo karibu, unapanda basi hapa, Horohoro mpakani, Mombasa, umefika, na chuo kikuu cha USIU kozi hii wanayo, ila ada zao uzijue kabla hujaanza kuota. Wapo pia wanaokwenda China, Uturuki, Hungary kwa skolashipu za serikali za huko, nzuri tu, angalia lugha ya kufundishia. Kabla ya kwenda chukua cheti cha kutokuwa na pingamizi TCU, na usimpe wakala hela kwa sababu ana ofisi yenye kiyoyozi. Kuna mama alinijia analia, kijana karudi na digrii ya chuo ambacho hakitambuliki, miaka mitatu na kiwanja kimeuzwa.

Mkopo wa bodi ya mikopo omba, lakini usipange maisha yako yote kwa bumu (hela ya mkopo) ambalo hujalipata. Kozi za afya na sayansi huwa zinatazamwa kwanza, hizi za kwetu zinafuata nyuma, kwahiyo mzazi na mtoto kaeni chini mapema muongelee ada, chumba na nauli. Wizara ya Mambo ya Nje imehamia Dodoma, ukisoma UDOM fildi (mafunzo ya vitendo) ya wizarani uko nayo karibu. Ukisoma Dar, mabalozi wa nchi za nje wengi bado wako huko. Na likizo ukirudi Tanga usilale, andika barua bandarini, andika uhamiaji, omba hata wiki sita pale Horohoro, utawaona Watanzania na Wakenya wanavyofanya kazi kwenye kituo kimoja na wanavyobishana kuhusu lori la vitunguu, mahusiano ya kimataifa yenyewe ndo hayo.

Yule binti mwishoni alikuwa anataka Kurasini kwanza, UDOM ya pili, na Kifaransa ameshaanza kukitafuta kwenye simu. Baba yake bado anasema balozi. Mkija ofisini njooni na matokeo ya kidato cha nne na cha sita, na cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa RITA, wale wanaosajili vizazi, kabisa, hicho ndo kinachowachelewesha watu kila mwaka.