Kipimo sanifu si kipimo kilichowekwa kwenye apu

Wiki iliyopita tena. Mwenzangu wa kazi, mshauri nasaha mwenye ofisi yake binafsi hapa Dar, kanitumia linki WhatsApp, "dada hebu jaribu hii, ni kipimo sanifu cha depresheni kwa Kiswahili, kinajisahihisha chenyewe na ripoti inatoka PDF." Nikafungua. Maswali ya PHQ-9 (dodoso la kuchunguza dalili za depresheni) yote 9, nembo ya ofisi yake juu, na mwisho kuna mshale unakuonyesha uko kijani, njano au nyekundu. Nikamuuliza nani katafsiri, akasema programu ya kutafsiri halafu yeye mwenyewe akainyoosha lugha. Nikauliza kimejaribiwa kwa watu gani. Akajibu, "si ni PHQ-9, inatumika dunia nzima, na hicho ni Kiswahili sanifu kabisa nimehakikisha."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno mwaka huu, kwa washauri, kwa wanafunzi wa saikolojia, hadi kwa watu wa HR wanaonunua vipimo vya haiba vya mtandaoni kwa ajili ya usaili. Ngoja niandike mara moja nipumzike.

Kipimo sanifu ni kipimo ambacho kila mtu anapewa kwa namna moja, yaani maelekezo yaleyale, maswali yaleyale, muda uleule, usahihishaji uleule, na matokeo yake yanasomwa kwa kulinganisha na kundi la watu wanaojulikana ambao kipimo hichohicho kilijaribiwa kwao. Vitu viwili, basi. Kikikosa kimoja bado kinaweza kuwa dodoso zuri sana, lakini ni dodoso.

Nadhani tatizo limeanzia kwenye neno lenyewe. Wengi wetu sanifu tulikutana nayo shuleni ikiwa imeshikana na Kiswahili, na mwalimu aliposema "andika Kiswahili sanifu" sisi tukaelewa andika bila makosa, andika vizuri. Kwa hiyo kichwani sanifu ikakaa kama safi, rasmi, ya daraja la juu. Sasa mtu akitafsiri dodoso kwa lugha nzuri, akaliweka kwenye skrini nzuri, anaona kabisa kwamba amelisanifu.

Neno limetoka Kiarabu, sannafa, kupanga vitu kwa aina zake, na pia kutunga kitabu kwa mpangilio, ndo maana kwao mtunzi wa kitabu anaitwa musannif. Watu hulichanganya na sanaa na msanii kwa vile yanafanana mdomoni, na tuna msanifu majengo ambaye kazi yake kweli ina sanaa ndani yake, lakini sanaa imetoka kwenye mzizi mwingine, wa kutengeneza, ufundi. Sanifu kwa asili ni kupanga na kuweka mahali pake, habari ya uzuri haimo.

Na hata hicho Kiswahili sanifu ukikiangalia kilivyopatikana utaona. 1928 kulikuwa na mkutano Mombasa, wakakubaliana Kiunguja ndo kiwe msingi, na 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki kusimamia jambo hilo. Si kwamba Kimvita kilikuwa kibovu, Kimvita kilikuwa na washairi wake wakubwa zamani sana kabla ya kamati yoyote. Walichofanya ni kuchagua: kuanzia sasa tunapimia hapa, kwa hawa. Mtu wa Mombasa akisema tofauti na kitabu hajakosea, yeye tu siye aliyechaguliwa kuwa rula. Hiyo ndo maana ya sanifu ninayoitaka, ile yenye swali la "kwa nani" ndani yake.

Sasa nenda kwenye pima. Hili ni la Kibantu, Waganda wanasema okupima, Wanyarwanda gupima, na pwani ni kitendo na pia ni urefu. Pima ni mikono yote miwili umeinyoosha kushoto na kulia, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, na ndani yake inahesabiwa mikono 4. Mkono, au dhiraa, unaanzia kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Lakini wazee walikuwa na mkono kamili na mkono konde, huo wa konde umefunga ngumi kwa hiyo unaishia kwenye vifundo. Tofauti ya hiyo mikono miwili ni urefu wa vidole tu, unaweza kusema si kitu, ila kwenye kitambaa cha pima 10 vidole hivyo vimejirudia mara 40. Mnunuzi akiambiwa kitambaa ni mikono 8 alikuwa na haki ya kuuliza mkono wa nani, na umefungwa au umenyooka. Kusanifisha kipimo ni kulijibu swali hilo kabla mtu hajauliza, na kulijibu kwa ushahidi.

Kwenye saikolojia huo mkono una historia, na mara nyingi ni mkono wa watu wa mbali. Chukua MMPI, dodoso kubwa la haiba lililochapishwa Marekani 1943. Kundi lake la kwanza la kulinganishia lilikuwa watu 724 wa Minnesota, hasa ndugu na marafiki waliokuja kuwaona wagonjwa kwenye hospitali za chuo kikuu pale. Watu wa kawaida wa jimbo moja lenye baridi kali, wamekuja hospitali kumwona mgonjwa wao, wakaombwa kujaza fomu. Na mpaka toleo jipya lilipotoka 1989 na kundi jipya la watu 2,600, wengi waliojaza fomu ile walikuwa wanapimiwa mkono wa hao. Au WAIS-IV ya 2008, kipimo cha akili ambacho wastani wake ni 100, kilisanifishwa kwa Wamarekani 2,200 wa miaka 16 mpaka 90. Kijana wa Singida akipata 85 kwenye hicho, maana yake ni kwamba ukimpanga kwenye foleni ya hao Wamarekani angekuwa kama wa 16 kutoka chini katika kila watu 100, na kwa Watanzania wenzake anasimama wapi namba hiyo haisemi kitu, haijawahi kuulizwa.

Turudi PHQ-9 maana ndo inayozunguka kwenye simu za watu. Ni ya bure, ndo sababu iko kila mahali. Utafiti wake wa 2001 ulifanywa kwa wagonjwa 6,000 Marekani, nusu kliniki za kawaida, nusu kliniki za wanawake, na 580 kati yao wakahojiwa pia na mtaalamu wa afya ya akili ili kuona kama dodoso linasema kweli. Hapo ndo ikatoka ile alama 10 ambayo kila apu inaitumia kama mpaka: kuanzia 10 kwenda juu, dodoso lilinasa watu 88 katika kila 100 waliokuwa na depresheni kubwa, na likawaacha salama 88 katika kila 100 wasiokuwa nayo. Ni namba nzuri. Lakini tuseme umewapa fomu watu 1,000 na wenye depresheni kweli ni 100, utawanasa 88, na wale 900 wazima utawanasa 108 kwa makosa. Yaani kwenye walioambiwa "nyekundu" zaidi ya nusu si wagonjwa. Ndo maana dodoso linachuja tu, kutambua ugonjwa ni kazi ya mtu kukaa na mtu. Na hapo bado tuko na mkono wa Marekani, kwa lugha yao.

Ukitafsiri, unaweza ukakunja vidole bila kujua. Majibu ya PHQ-9 ni manne, hapana kabisa (alama 0), siku kadhaa (1), zaidi ya nusu ya siku (2), karibu kila siku (3), na swali linahusu wiki 2 zilizopita. Soma tena lile la tatu taratibu. Zaidi ya nusu ya siku. Nilikuwa nalitumia hivyohivyo mimi pia, kwenye tableti ofisini, mpaka siku moja mama mmoja wa makamo aliponirudishia tableti kidole kikiwa kimesimama juu ya swali la pili, lile la huzuni, akaniambia, "mwanangu mi huzuni inanijia jioni tu watoto wakishalala, haifiki nusu ya siku, niweke siku kadhaa?" Nikamuuliza jioni ngapi mama. "Zote." Kwa alivyosoma, na alisoma Kiswahili sahihi kabisa, nusu ya siku ni saa kadhaa za siku moja, si nusu ya zile siku 14. Alikuwa anataka kuweka 1 mahali pa 3. Nikarudi kwenye mafaili nikaanza kujiuliza ni wangapi walioweka 1 hapo bila kuniuliza, na apu ikajumlisha kwa usahihi mkubwa jibu la swali ambalo sikuwa nimeliuliza. Sarufi haina kosa. Kiswahili ni sanifu, kipimo siyo.

Na watu walishafanya kazi hii, ndo kinachoniuma. 2006 kulichapishwa tafsiri ya Kiswahili ya PHQ-9 iliyojaribiwa Kenya kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo. 2009 ukachapishwa utafiti mwingine wa PHQ-9, wa magharibi mwa Kenya, kwa watu wazima wanaoishi na VVU. Ona wanavyotaja mkono wa nani kwenye kichwa cha habari kabisa. Hawakusema "ya Waafrika". Kwa hiyo hata ukichukua tafsiri hizo ukampa kijana mzima wa chuo Dodoma, unajua umeazima mkono wa nani na unaweza kuliandika hilo kwenye ripoti. Zimbabwe walienda mbali zaidi, miaka ya 1990 wakaanza na maneno ya watu wenyewe, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi kwa Kishona, wakatengeneza dodoso lao la maswali 14 kutoka huko. Sisi nasi tuna "nina mawazo", tuna "moyo mzito", na bado sehemu nyingi tunaanzia kwenye tafsiri.

Sasa apu inafanya nini kwenye haya yote? Inasaidia ile nusu ya kwanza ya maana, na inasaidia kweli. Haichoki, hairuki swali, haikosei kujumlisha, haimsomei mteja mmoja kwa upole na mwingine kwa haraka kwa sababu foleni ni ndefu. Kwa mtu mwenye ofisi ndogo isiyo na msaidizi hiyo ni neema. Nusu ya pili haiigusi hata kidogo. Na wakati mwingine kifaa chenyewe kinabadilisha kipimo. Kampuni inayotoa vipimo vya Wechsler (ile WAIS ni kimojawapo) ilipovihamishia kwenye iPad mbili, moja ya mtahiniwa na moja ya mtahini, zinazoongea kwa Bluetooth, ililazimika kufanya tafiti za kuona kama alama za kwenye iPad zinalingana na za karatasi, na ile sehemu ya kunakili alama ndogondogo kwa haraka iliendelea kwa penseli na karatasi muda mrefu, kwa sababu kuandika na kugusa kioo ni kazi mbili tofauti za mkono. Hao ndo wenye kipimo, wenye kundi la watu 2,200, na bado hawakudhani tu kwamba kikiingia kwenye kifaa kinabaki kilekile. Linki yetu inafunguliwa kwenye daladala, bando linakata swali la 6, au nyumbani mume kakaa pembeni anachungulia. Halafu lile swali la 9, la mtu kuona afadhali angekufa, linajibiwa saa 8 usiku "karibu kila siku" na PDF inasubiri kwenye barua pepe mpaka mshauri aamke. Ofisini kwa karatasi ningeliona akiwa bado amekaa mbele yangu.

Mwenzangu nilimpigia jioni, maana kwa maandishi mambo haya yanaonekana kama unamsuta mtu na yeye nia yake ni njema kabisa, anataka watu wapate huduma. Nikamwambia fomu yako iache, ila juu toa neno sanifu uandike "dodoso la PHQ-9, tafsiri ya ofisi hii, bado haijajaribiwa". Au bora zaidi tafuta ile iliyojaribiwa Kenya uanze nayo na uwataje wale waliojaribiwa. Toa ile nyekundu. Mteja mwambie umejaza dodoso, usimwambie umepimwa. Na swali la 9 likijibiwa chochote zaidi ya sifuri simu yako ilie, na namba ya kupiga imtokee pale pale kwenye skrini kabla hajafunga.

Akakaa kimya kidogo. "Sawa dada. Na ile nusu ya siku?"

"Ongeza neno moja," nikamwambia. "Zaidi ya nusu ya siku hizo. Halafu wasomee watu kumi kwanza, uwaulize wameelewa nini."