Uuguzi wa kitawa ni nini?

Uuguzi wa kitawa ni utunzaji wa wagonjwa unaofanywa na mabruda na masista kama sehemu ya wito wao mbele ya Mungu. Mzizi wake ni Injili ya Mathayo sura ya 25, ambako Kristo anasema anayemtazama mgonjwa amemtazama yeye. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa wa karne ya 6, iliagiza wagonjwa watangulizwe kabla ya mengine yote.

Camillus de Lellis alikwenda mbali zaidi. Askari huyu wa zamani, aliyeteswa miaka mingi na kidonda cha mguu, aliijua hospitali ya Roma akiwa mgonjwa. Mwaka 1582 alianza kukusanya wenzake, na shirika lao likaongeza nadhiri ya nne juu ya ufukara, useja na utii: kuwahudumia wagonjwa hata kwa kuhatarisha maisha. Tauni ilipozuka, wengi wao walikufa kweli.

Kwa wanawake kikwazo kilikuwa sheria. Mwaka 1298 Papa Boniface VIII aliwaagiza watawa wa kike wasitoke nje ya ugo wa monasteri, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ukakazia agizo hilo mwaka 1563. Sista aliweza kumuuguza aliyeletwa kwake; maskini aliyezidiwa chumbani mwake hakumfikia.

Hapo ndipo ninapoona ukubwa wa kilichotokea Paris mwaka 1633. Mjane Louise de Marillac na padri Vincent de Paul walianzisha Mabinti wa Upendo, wakakataa kuwaita watawa. Nadhiri zao zilikuwa za faragha na zilirudiwa kila mwaka, hivyo sheria ya ugo haikuwabana. Waliingia majumbani wakibeba chakula na dawa. Vincent ndiye husifiwa zaidi, lakini malezi ya wasichana hao, wengi wao wa vijijini, yalikuwa mikononi mwa Louise. Aliyewatangulia wote, Marguerite Naseau, mchungaji wa ng'ombe aliyejifunza kusoma mwenyewe, alifariki mwaka huohuo baada ya kumlaza kitandani mwake mwanamke mwenye tauni.

Mashirika mengi yalifuata njia hiyo, ingawa kwa muda mrefu masista walizuiwa kuwazalisha akina mama. Anna Dengel, daktari kutoka Austria aliyeanzisha shirika la masista wa tiba mwaka 1925, alipigania zuio hilo liondolewe. Mwaka 1936 Roma iliwaruhusu masista kusomea na kufanya kazi ya udaktari na ukunga.