Hayo Tisa, Kumi ni Tozo

Chukua karakana ya samani pale Moshi yenye mafundi tisa. Oda za vitanda na makabati zimeongezeka, na kila asubuhi kijana mmoja hupita getini kuulizia kazi. Jibu ni lile lile: "Wee pitapita tu." Tajiri si mchoyo, kapiga hesabu.

Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo wengi tunaiita SDL, humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Kabla ya 2021 ilianzia kwa wanne. Mwaka 2023 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5, tutumie hicho. Kila fundi akilipwa 300,000, wakiwa tisa tozo ni sifuri. Akiingia wa kumi, inatozwa kwenye mishahara ya wote: asilimia 3.5 ya 3,000,000, yaani 105,000 kila mwezi. Kijana wa laki tatu anagharimu laki nne na ushee, na hapo bado mchango wa NSSF, ule wa hifadhi ya jamii, na wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. (PAYE, yaani kodi ya mshahara, tusiichanganye humu, hiyo hukatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi mwenyewe.)

Marekani walijaribu njia yao ya kuwashawishi waajiri waongeze watu Machi 2010, kwa sheria ya HIRE. Mwajiri aliyemchukua mtu ambaye ndani ya siku 60 kabla ya kuajiriwa hakufanya kazi zaidi ya saa 40 alisamehewa mchango wake wa hifadhi ya jamii, asilimia 6.2 ya mshahara wa huyo mpya, hadi mwaka uishe. Mafao hayakuguswa, maana hazina ya serikali iliufidia mfuko. Ujanja wetu wote walishaufikiria: ndugu wa tajiri hakuhesabiwa, na kumwondoa wa zamani asiye na kosa ili umweke mpya hakukukupa nafuu.

Kushusha asilimia kwa kila mtu kunamnufaisha hata mwenye hoteli Arusha asiyeongeza mpishi mmoja. Vibarua wa kuchuma kahawa, wasio kwenye orodha ya mishahara, nafuu ya namna yoyote itawapita. Lakini kwa karakana kama hii, mimi ningesamehe tozo ya wale tisa kwa miaka miwili, alipiwe wa kumi peke yake. Hapo kijana wa getini angeleta tozo ya 10,500 kwa mwezi.