Kihamishi mnyororo hakizuii kitu

Fundi wa boti za faiba pale Malindi akisema resini yake imetiwa dawa ya kuizuia isigande kwenye kopo, amesema kweli. Tabu ni vijana wa chuo wanaoichukua kauli hiyo na kukibandika nayo kihamishi mnyororo, yaani dawa ya kufupisha minyororo ya plastiki, wakidai nacho kinazuia mmenyuko.

Katika upolimishaji wa radikali huru, molekuli ndogo (monoma) huungana moja moja kuwa mnyororo, na ncha inayokua ni radikali, yaani yenye elektroni isiyo na mwenzake. Kihamishi huupa mnyororo huo atomu moja, aghalabu ya haidrojeni. Mnyororo hufa, na kihamishi chenyewe huwa radikali inayoanzisha mwingine. Basi.

Idadi ya radikali haikupungua, kwa hiyo monoma inaliwa kwa kasi ileile. Msusi wa ukili akikata kipande na papo hapo akaanza kingine, pima za siku nzima ni zilezile, ila vipande vimekuwa vingi na vifupi.

Kizuizi kama haidrokwinoni, kilichomo kwenye kopo la fundi, kinakamata radikali na hakianzishi chochote. Ndiyo maana ukishatia hadna (dawa ya kugandisha, ambayo ni peroksaidi inayozaa radikali, wala si kichocheo, maana inatumika ikaisha) resini hukaa majimaji kwa muda, kisha ikashika ghafla. Kwenye grafu ya monoma iliyoliwa kwa muda utaona mstari umelala kwanza. Kihamishi kizuri hakilazi mstari.

Kinachobadilika ni urefu, na mwanakemia Mayo alituandikia mlinganyo wake mwaka 1943: 1/X = 1/X₀ + C[S]/[M]. X ni idadi ya monoma katika mnyororo, X₀ ni idadi hiyo bila kihamishi, C ni nguvu ya kihamishi, [S] ni kiasi chake na [M] ni kiasi cha monoma. Mnyororo wa monoma 1,000, ukitumia kihamishi chenye C ya 0.01, ili ubaki 500 unataka molekuli moja ya kihamishi kwa kila monoma kumi. Kabonitetrakloridi, ikiwa kihamishi ndani ya monoma iitwayo stirini, ina C inayokaribia hapo. Kwa thioli (kihamishi chenye salfa) yenye C ya 20, molekuli moja kwa monoma 20,000 inatosha, ingawa huisha mapema na minyororo ya mwisho ikarefuka.

Wanaokosea wana kisingizio, nakubali. Wapo vihamishi ambavyo radikali yake ni nzito kuanzisha mnyororo, na hapo kasi hushuka kweli. Na resini ya boti hufungamana kama wavu: minyororo ikiwa mifupi, monoma nyingi zaidi lazima ziliwe kabla haijaganda. Kijiti cha fundi kitasema imechelewa, na mmenyuko unakwenda mwendo wake. Kwa hiyo, kijana wangu, kabla ya kuandika "kihamishi kilipunguza kasi", tazama ulipima nini: monoma iliyobaki, au uzito wa uji?