Mtoto Hataki Chupa, Nawe Hushindi Nyumbani: Maswali na Majibu

Ana miezi saba, minane, tisa. Titi analinyonya bila shida, ila akionyeshwa chupa anageuza shingo, anatema, analia hadi majirani wanachungulia. Mama naye alirudi kazini zamani: Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 humpa siku 60 za kazi tu za likizo ya uzazi, na muuza mitumba wa Busia hana hata hizo. Maswali haya nayasikia kwa akina mama wa kambini, wa ofisini na wa sokoni, na nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu tukiwa tumekaa ana kwa ana.

Natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa moja jioni. Nilikuwa nakamua na kumwachia yaya, lakini mtoto hanywi, maziwa yanamwagwa. Nikaacha kukamua. Sasa matiti hayajai kama zamani. Nimekosea wapi?

Pale ulipoacha kukamua, dada yangu. Wala huko peke yako. Nikiona maziwa yangu yanamwagwa kwenye karo kila jioni, hata mimi ningechoka.

Titi halijui ni nani aliyekunywa. Linachojua ni kama maziwa yametoka au yamebaki. Yakitoka, linatengeneza mengine. Yakikaa humo saa nyingi, linapunguza kasi. Siku moja haina neno. Lakini ukikaa saa kumi na tatu bila kutoa tone, siku tano au sita kwa wiki, mwili unaelewa kwamba mtoto ameanza kuacha kunyonya. Kwa hiyo hayo ya karoni hayakuwa hasara. Yalikuwa yanayalinda ya usiku na ya kesho yake.

Rudia kukamua. Mnyonyeshe kabla ya kutoka, hata akiwa nusu usingizini. Kamua saa tatu na nusu, saa saba, na saa kumi. Ukirudi, nawa, kaa, mpe titi kabla hujagusa sufuria. Zikishindikana mara tatu, fanya mbili, ila usiruke siku nzima. Yaliyopungua kwa namna hii kwa kawaida hurudi, ingawa huchukua siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili. Siku ya mapumziko, mwache anyonye kila anapotaka.

Sina pampu, na nauza kwenye kibanda. Nitakamulia wapi?

Mikono yako inatosha, na wengi wakishaizoea hawaulizi tena bei ya pampu. Mahali ni popote unapoweza kugeuka ukutani na kujitanda leso. Mwombe jirani wa kibanda akuangalizie bidhaa. Ukiwa ofisini au kituo cha polisi, mwambie mkuu wako waziwazi kwamba unahitaji dakika ishirini na mlango unaofungika. Wengi hawakatai, hawajawahi kuombwa tu.

Nawa kwa sabuni. Chukua chombo cha kioo au plastiki ngumu chenye kifuniko, kilichooshwa na kuchemshwa. Kanda titi kwa upole, ukimfikiria mtoto au ukitazama picha yake kwenye simu. Usicheke: homoni ya oksitosini, inayoyashusha maziwa, husikiliza moyo, na hofu au haraka huizuia. Weka kidole gumba juu na vingine chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiburute vidole juu ya ngozi, na chuchu yenyewe usiivute, haitoi kitu. Mwanzoni yatatoka matone, kisha yataruka. Yakipungua, hamia titi la pili, halafu rudi la kwanza. Mara ya kwanza ukipata vijiko viwili vitatu, haba na haba.

Bila friji yatakaa muda gani?

Saa nne, mahali ambapo joto halizidi nyuzi 25. Mchana wa Busia au Arua huzipita hizo, kwa hiyo usingoje zifike nne. Ukiwa na kikasha kinachotunza baridi, tia chupa za maji yaliyoganda, ufunge vizuri. Humo yatakaa hadi saa 24. Kwenye friji, siku nne, yawekwe ndani kabisa na si mlangoni, na umeme ukikatika usifungue fungue. Mafuta yakipanda juu, hayajaharibika, yazungushe taratibu. Kuyapasha, simamisha chombo ndani ya maji ya moto. Usiyaweke juu ya sigiri. Mtoto akishaonja, yaliyobaki yatumike ndani ya saa mbili, basi.

Na huyu atakunywaje? Tumejaribu chupa tatu za aina tofauti.

Acheni chupa. Nalisema hili moja kwa moja kwa sababu naona familia zinamaliza pesa na machozi kwenye vita isiyo na maana. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kunywa kwenye kikombe cha kawaida, na kikombe ni rahisi kuosha kuliko chuchu ya mpira yenye vijitundu vya kufugia wadudu wa kuhara. Hata mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati hunyweshwa kwa kikombe hospitalini.

Tumia kikombe kidogo, chepesi, kisicho na ukingo mkali. Tia maziwa kidogo, kama mililita 60, ili yakimwagika usilie. Mkalishe wima mapajani. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yaguse mdomo, kisha subiri. Usimmiminie, atapaliwa na kesho atakikataa kikombe pia. Yeye mwenyewe atalamba, atavuta, atashangaa. Asubuhi moja atamwagia nusu kwenye nguo, ndiyo masomo yenyewe. Anayekataa kikombe apewe kijiko.

Mambo mawili husaidia sana. Kwanza, anayemnywesha asiwe wewe, nawe usiwe chumbani: akikusikia au kukunusa, kwa nini akubali kikombe wakati mwenye titi yupo? Pili, wasimjaribie akiwa ameshapandwa na njaa na kulia. Wamjaribie akiwa mtulivu, akitoka usingizini, kwa mfano.

Akikataa kikombe pia, yapitishie kwenye chakula. Uji wa ulezi ukishaiva na kupoa kidogo, unapunguzwa uzito kwa maziwa yako. Matoke au viazi vinapondwa nayo. Chakula cha mchanganyiko ambacho Waganda hukiita kitobero, chenye matoke au kiazi, maharage au karanga, na mukene (dagaa) uliosagwa, kinachanganyika vizuri na maziwa ya mama. Kuanzia miezi sita hadi minane ale mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia tisa, mara tatu au nne. Lakini chakula kisichukue nafasi ya titi. Katika nusu ya pili ya mwaka wake wa kwanza, maziwa ya mama bado humpa nusu au zaidi ya nguvu anayohitaji.

Yananuka kama sabuni yakitoka kwenye friji. Yameoza?

Hapana. Maziwa ya akina mama wengine yana kimeng'enya cha lipasi kingi, kinachovunjavunja mafuta. Hayana madhara, ingawa mtoto anaweza kuyakataa, kwa hiyo yaonje kabla ya kuilaumu chupa. Ikiwa ni hivyo, siku nyingine yapashe moto mara tu ukishakamua mpaka vipovu vidogo vitokee pembeni, yasichemke, yapoze haraka ndipo uyahifadhi.

Jaja wake, yaani bibi yake, anasema maziwa yaliyoshinda na mama juani yameharibika, nikifika niyamwage kwanza.

Mheshimu jaja, lakini usiyamwage. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Kama amani ya nyumba inadai hivyo, oga kwanza, jifute kifua, umnyonyeshe mbele yake.

Mchana anakula kidogo, usiku ananyonya bila kikomo. Nisimzuie?

Anafidia. Watoto wengi wa mama anayeshinda kazini hugeuza ratiba: mchana hugusa tu, usiku hujaza. Na usiku ndipo prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, inapokuwa juu, kwa hiyo kuyakatisha manyonyo hayo ni kukata tawi ulilokalia. Unachohitaji ni usingizi. Lala mapema naye, baba au shangazi aoshe vyombo. Unyonyeshe ukiwa umelala ubavu kwenye godoro gumu, bila mito karibu na uso wa mtoto, na asilale kando ya mtu aliyelewa wala anayevuta sigara. Kwenye sofa usinyonyeshe ukisinzia.

Kuna chakula au dawa ya kuongeza maziwa?

Uji, karanga, supu ya mulokony (kwato za ng'ombe): kula, vitakupa nguvu, na mulokony ya jioni ni tamu kweli. Lakini bila kutoa maziwa, hakuna supu itakayokusaidia. Kunywa maji kila unapohisi kiu. Vidonge vya domperidoni vinavyouzwa madukani kwa kunong'onezana vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, usivinunue bila kuandikiwa.

Jambo ambalo akina mama husahau kulitaja ni uzazi wa mpango. Vidonge vyenye homoni mbili vina estrojeni, na inaweza kupunguza maziwa. Sindano ya miezi mitatu, kipandikizi na vidonge vya homoni moja kwa kawaida havipunguzi. Na ikiwa maziwa yamepungua ghafla, hedhi imechelewa na kichefuchefu kimeanza, pima mimba kwanza.

Nitajuaje kwamba mtoto anaumia?

Angalia mkojo na kadi yake ya uzito. Asipokojoa kwa saa sita au zaidi, mkojo ukiwa wa rangi nzito, utosi au macho yakibonyea, akilegea au akikataa hata titi, usingoje kesho, mpeleke kituo cha afya. Mstari wa uzito usiopanda kwa miezi miwili mfululizo pia unahitaji kuonekana na mhudumu. Na wewe ukipata uvimbe mgumu, mwekundu, wenye homa, endelea kumnyonyesha titi hilo na uende ukatibiwe.

Chupa nilinunua ghali. Nizitupe?

Zina alama za mililita ubavuni. Ondoa chuchu, pimia maziwa kwa hizo, hifadhia humo, na yaya amimine kwenye kikombe.