Kwa nini wasomi wa kilimo hawalimi

Ninafundisha ugani, yaani kazi ya kuwafikia na kuwashauri wakulima, na kuna swali ambalo halinipiti, iwe kwenye daladala au msibani: mbona vijana wanamaliza shahada ya kilimo halafu wanazunguka na bahasha kutafuta ajira badala ya kushika jembe? Wengi huuliza kwa kulaumu. Naamini lawama hiyo inawaangukia wasiostahili. Ukifuatilia vyuo vyetu vilianzishwa kwa kazi gani, utaona vijana wanafanya kile kile walichoandaliwa kufanya.

Tuanzie Njoro, Kenya. Mwaka 1939 mlowezi wa Kiingereza, Lord Maurice Egerton, alianzisha shule ya kilimo kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Mwanafunzi wa pale alisoma ili akaendeshe shamba lake mwenyewe, na masomo yalikuwa sehemu tu ya mtaji wake. Ardhi nzuri ya nyanda za juu ilikwisha kutengewa walowezi, na tangu 1931 ilikuwapo Benki ya Ardhi ya kuwakopesha. Mwafrika hakufunguliwa mlango wa Egerton hadi 1961.

Mwafrika aliyetaka kusomea kilimo enzi hizo alielekezwa kwingine. Makerere, iliyoanza 1922 kama chuo cha ufundi, haikuchelewa kuongeza kilimo na mifugo. Aliyehitimu aliingia idara ya serikali kumsaidia afisa wa Kizungu: kukagua, kuelekeza, kuandika ripoti. Hakuna aliyemtarajia awe na shamba la kuishi kwalo.

Elimu ya namna hiyo ilizaa nini? Mfano ninaoupenda darasani uko Uluguru, milima ile ile inayotazama chuo kikuu cha Morogoro. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, na asiyechimba alitozwa faini. Bwana shamba ndiye aliyepita kukagua. Lakini udongo wenye rutuba kwenye miteremko ile ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia, na ule wa chini usio na nguvu unabaki juu. Mavuno yalishuka, na wakulima waliliona hilo mapema kuliko wataalamu. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa, na mradi ukaachwa. Mtaalamu alikuwa amefundishwa kusimamia amri. Kumsikiliza mwenye shamba hakukuwa kwenye masomo yake.

Uhuru ulibadilisha rangi ya maafisa upesi kuliko ulivyobadilisha lengo la chuo. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoundwa 1963, kiligawa fani: sheria Dar es Salaam, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, kilimo Makerere. Mtanzania aliyetaka shahada ya kilimo hapa Afrika Mashariki alivuka kwenda Uganda. Nyumbani, chuo cha kilimo cha Morogoro kilianza 1965 kwa stashahada. Chuo kile cha pamoja kilipovunjika mwaka 1970, Morogoro ikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuanza kutoa shahada. Baadaye misitu na tiba ya mifugo zikaongezwa. Tarehe 1 Julai 1984 kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili mwaka huo, mkoani Morogoro.

Katika miaka hiyo yote mhitimu alipangiwa kituo na serikali. Taifa jipya lilihitaji maafisa, na vyuo viliwatoa. Sioni kosa hapo. Tatizo lilikuja miaka ya 1990, serikali ilipoacha kuajiri wahitimu moja kwa moja. Njia ya ajira ikaziba, na mitaala ikaendelea kumwandaa kijana kwa ofisi ile ile.

Siku hizi kuna juhudi ninazoziheshimu sana, kama SUGECO, ushirika wa wahitimu wa Sokoine unaowasaidia vijana kuanzisha biashara za kilimo. Hata hivyo wanafunzi wa Egerton walikabidhiwa maarifa, ardhi na mkopo kwa pamoja. Mhitimu wetu anaondoka na maarifa peke yake, kisha anaenda kuomba ekari mbili kwa baba yake mdogo na kutafuta benki itakayokubali kumkopesha bila hati.