Mtoto aliyepotea na koplo wa zamu ya jioni

Mtoto aliyepotea Masasi msimu wa korosho, ukimuuliza kwao ni wapi, atakwambia kwao kuna mkorosho mkubwa. Hapo huna pa kuanzia. Huku kwetu mikorosho iko kila ua, na kwa mtoto wa miaka sita kila mkorosho ni mkubwa.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, mwaka wa 11 sasa mkoani Mtwara, na sehemu kubwa ya kazi yangu inapitia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Leo nataka kueleza jambo ambalo watu wa nje ya kazi yetu hawalioni: wema wa askari una ufundi wake, na ufundi huo unafundishika. Nimeuona mara nyingi, lakini usiku mmoja wa Novemba umenikaa kichwani kuliko mingine.

Minada ya korosho huanza Oktoba. Wiki hizo wakubwa wanaondoka alfajiri kuokota, kisha kuna foleni ya kupima ghalani kwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kisha kuna kusubiri malipo. Watoto wanabaki na bibi, na bibi naye ana shamba. Jioni mji unajaa wageni, bodaboda na fedha. Ndiyo miezi ambayo dawati halilali: mtoto kapotea stendi, mke kapigwa kwa sababu ya hela ya mauzo, binti kaondoka na mtu aliyemwahidi simu.

Huyu wa usiku ule aliletwa kituoni na dereva wa bodaboda aliyemkuta amekaa peke yake kando ya barabara. Saa tatu usiku. Nilipofika, alikuwa amesimama mbele ya kaunta, na kaunta ilikuwa ndefu kuliko yeye. Kutoka pale chini alichokiona ni mbao, mikanda na buti. Konstebo wa zamu alikuwa ameshamuuliza jina mara nne, kwa upole kabisa, na mtoto alikuwa ameshaacha hata kulia. Mtoto akifika kwenye kimya cha namna ile, kila swali jipya linamzidishia hofu.

Koplo alitoka nyuma ya kaunta. Alivua kofia, akajitanda khanga juu ya sare, akaketi chini, sakafuni, mgongo ukutani. Hakumwita. Alitoa filimbi mfukoni akaiweka katikati yao. Ilipita kama robo saa. Mtu mwenye haraka angesema koplo amelala kazini. Mtoto aliichukua filimbi, akaigeuza, akapuliza kidogo. Koplo akamuuliza amekula nini leo. Embe. Basi akaletewa chapati na chai ya rangi, na koplo akala kipande cha kwanza mwenyewe, ili mtoto aone chakula hakina ubaya.

Halafu likaja swali ambalo mimi, na vyeti vyangu vyote, sikulifikiria: “Mama, asubuhi ukiamka, unasikia nini?”

Mtoto alijibu bila kufikiri. Anasikia adhana, halafu kengele, halafu mashine ya kusaga ikianza. Ile mashine inakohoa kwanza.

Dereva wa bodaboda alikuwa bado mlangoni, hajaondoka. Alisema, “Afande, hiyo mashine naijua.”

Nilijifunza hapo kitu ninachowafundisha wengine hadi leo. Mtoto mdogo hana anwani. Hajui kata, mtaa wala jina kamili la babu. Anachokijua ni mwili wake ulipo: sauti, harufu, njia ya kwenda kisimani, mbwa anayemwogopa. Ukimuuliza kwa lugha ya fomu unapata kimya. Ukimuuliza kwa lugha ya siku yake, anakuongoza. Masasi, ambako wamisionari wa Kianglikana walifika tangu 1876 na Uislamu una mizizi mirefu, kengele na adhana hukutana angani kila asubuhi, lakini sehemu zinaposikika zote mbili pamoja na mashine mbovu ya kusaga ni chache sana.

Zamu ya koplo ilikwisha saa nne. Aliondoka kituoni saa tano na nusu, kwa miguu, mtoto amembeba mgongoni, dereva akimulika mbele. Bibi tulimkuta barabarani, hana kandambili, sauti imemkauka kwa kuita. Kwenye kitabu cha kituo usiku ule uliandikwa mstari mmoja: mtoto amepatikana, amekabidhiwa kwa bibi yake. Chapati haina RB, ile namba ya taarifa ya kituoni. Wala ile robo saa ya kukaa sakafuni.

Nayasema haya nikijua Mtwara ina kumbukumbu nzito. Mei 2013, vurugu za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam zilipolipuka mjini, imani kati ya raia na polisi iliumia, na wako watu hadi leo wakiona sare wanabadilisha njia. Siwalaumu. Polisi Jamii, wazo ambalo IGP Said Mwema alilisukuma alipoliongoza jeshi la polisi tangu 2006 hadi 2013, linasimama juu ya raia kumwamini askari kiasi cha kumwambia jambo. Sijawahi kuona imani hiyo ikijengwa na mkutano wa hadhara. Nimeiona ikijengwa na askari mgeni, mtu wa Mara au Kigoma, anayetafuta mkalimani ili mama asiyejua Kiswahili vizuri atoe maelezo yake kwa Kimakua, asomewe upya, aelewe, ndipo aweke dole gumba.

Na kwa kuwa watu huniuliza, niyaseme kabisa. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali, haiuzwi. Ukifika umeumia, askari mwema atakuandikia upesi na kukuhimiza hospitali. Aliyebakwa anatakiwa kumfikia daktari ndani ya saa 72 ili dawa za kinga ya VVU zifanye kazi, na kila saa inayopotea ni hasara. Dawati lina chumba cha faragha, una haki ya kukiomba. Simu 116 ni ya watoto, na ni bure.

Mwaka uliofuata bibi yule alikuja kituoni tena, safari hii ameshika mkono wa mtoto wa jirani, sikio limevimba. Alimpita mwenyekiti wa kitongoji, akawapita ndugu waliotaka mambo yamalizwe nyumbani, akaja moja kwa moja. Alimuuliza konstebo, “Yuko wapi yule binti yangu wa filimbi?” Akaambiwa amehamishiwa Nachingwea. Bibi alisimama kidogo, anafikiri kama arudi. Konstebo, yuleyule aliyeuliza jina mara nne, alikuwa ameshavua kofia na anazunguka kutoka nyuma ya kaunta.

“Karibu, bibi,” alisema. “Tukae huku chini.”